Shimo Lenye Jina

Tiya hakupenda kunywa. Maziwa ya ngamia, chai, maji, chochote kile: ungempa kikombe akapiga mafunda mawili, akakurudishia mkononi na kukimbia zake. Asubuhi ile mama yake, Rukiyo, alikuwa akimfukuza kuzunguka nyumba na kibuyu cha maziwa, huku Abkul, baba mtu, amesimama mlangoni akifunga kilemba chake na kucheka mpaka machozi. Kicheko hicho mkikumbuke. Aliyenisimulia habari hii ni Nurto, mdogo wake Rukiyo, aliyekuwa akikaa nao wakati huo, na aliniapia kwamba tangu siku hiyo hakumsikia shemeji yake akicheka tena.

Hiyo ilikuwa Buna, kaskazini mwa Kenya, mwaka wa 1937, mvua zimekosa mara mbili mfululizo. Tiya alikuwa na miaka sita. Kabla yake Rukiyo alikuwa amezika wanne, wote kabla ya kuota meno, kwa hiyo mnaweza kukisia jinsi huyu mmoja alivyolelewa. Alipotembea na baba yake hakumshika mkono kama watoto wengine. Alimshika kidole gumba, akakizungusha-zungusha ndani ya kiganja chake njia nzima, na Abkul alipunguza hatua kwa makusudi ili safari iwe ndefu.

Abkul alikuwa mkalimani wa boma la serikali. Kiborana alizaliwa nacho, Kisomali alikioa pamoja na Rukiyo, Kiswahili alikipata jeshini. Kiingereza chake kilikuwa cha kodi na ngamia tu, lakini alivyokitamka kwa kifua, mgeni angedhani amesomea ng'ambo. Alikuwa na majivuno kidogo. Si ya ubaya. Ya mtu aliyetoka kuchunga mbuzi akaja kukaa kitini.

Na siku ile, wakati Tiya anakimbia maziwa, lori lilifika kutoka Wajir likamshusha mzungu mmoja mwembamba, amekumbatia mzigo wa vijiti vilivyochongwa ncha.

Wazungu wengine waliofika Buna walikuja kuhesabu watu, kuwafunga au kuwadunga sindano. Huyu hakufanya lolote kati ya hayo. Kazi yake ilikuwa kuchora viwanja vya gofu. Ndiyo riziki yake, anaitwa hapa na pale kutazama ardhi na kusema mchezo upite wapi. Bwana mkubwa wa boma, aliyechoka kutazama mchanga na miiba, alikuwa amemwalika aje amtengenezee mashimo tisa. Yarow, nyapara wa wafungwa, alimbatiza jina siku ya kwanza: Bwana Fijiti. Sisi tuseme Bwana Vijiti.

Abkul alipewa kazi ya kufuatana naye. Jioni alimweleza mama yake, bibi Wato, mchezo wenyewe: mtu anapiga kipira cheupe kwa fimbo, anakifuata, anakipiga tena, mpaka kiingie katika shimo dogo lenye bendera. Anakitoa, anaenda kutafuta shimo jingine.

"Na akimaliza yote?" Wato aliuliza.

"Anarudia."

"Anatafuta nini humo mashimoni?"

Abkul, mtu wa lugha nne, akaomba chakula.

Siku nne nzima Bwana Vijiti hakuandika chochote. Alitembea tu. Alilala kifudifudi mchangani kutazama mwinuko wa ardhi kwa usawa wa jicho. Alifuata mikondo ambamo maji ya mvua yalipita zamani. Mara nyingine alimimina kikombe cha maji chini, akachuchumaa kuona yanaelekea wapi. Akina mama waliokuwa wakitoka kisimani na punda wao walisimama kumtazama, kwa sababu huko kwao wazee wanaotafuta mahali pa kuchimba kisima hufanya vivyo hivyo.

Siku ya tano akaanza kupiga vijiti, na Abkul akashangaa. Mzungu alianza mwisho. Alichomeka kijiti mahali shimo litakapokuwa, kisha akatembea kinyumenyume, hatua baada ya hatua, macho yake hayabanduki kwenye kijiti, mpaka akapata mahali mchezaji atakaposimama.

"Mbona unaanzia mwisho, Bwana?"

"Shimo ndilo linalochagua," Bwana Vijiti alimjibu, akifuta jasho. "Likishachagua, mimi hutafuta tu njia ya kumfikisha mtu pale." Lilikuwa neno la kazi tu, la mtu anayeipenda kazi yake.

Juma la pili, adhuhuri, wamekaa hemani, mzungu alitandaza karatasi kubwa yenye mchoro wa kiwanja chote, akachovya kalamu kwenye wino. Akasema kwao kila shimo la gofu lina jina lake. Watu hulitaja kwa jina, si kwa namba. Je, haya tisa yaitweje?

Hapa ndipo Abkul alipoharibu mambo.

Mzungu alitaka jina la mti, la kilima, la ndege. Abkul alisikia jambo jingine. Huko kwao shimo ardhini linapopewa jina, huwa ni kisima, na jina linalopewa ni la mtu: aliyekifungua au mzee wa ukoo wake. Ni heshima ambayo watu wamewahi kupigania kwa mikuki. Akajiona yeye, mchunga mbuzi wa jana, anapewa mashimo tisa kwa mpigo, yaandikwe kwa wino na kupelekwa Nairobi. Akakaa wima. Akataja ukoo wake kama alivyofundishwa utotoni, kuanzia juu kushuka.

"Boru. Guyo. Jillo. Dida. Galgalo. Alio. Elema."

Hao saba wote walikuwa marehemu, wa mwisho akiwa baba yake mzazi. Kalamu ilikuwa ikikwaruza. La nane akajitaja mwenyewe: "Abkul."

Likabaki moja.

Mtoto wa kike hatajwi katika ukoo. Kila mtu anajua hivyo na Abkul alijua. Lakini nje ya hema Tiya alikuwa akirukaruka juu ya kamba za turubai, anamsubiri baba yake watembee kurudi nyumbani, na moyo wa Abkul ukamvuta. Akajisemea, nani atamfunga kwa hilo?

"Tiya," alisema.

Mzungu akaandika.

Kazi ikaenda mbio. Nyasi hazioti Buna, kwa hiyo mahali pa kila shimo wafungwa walisawazisha duara la mchanga, wakauchanganya na oili chafu ya lori ili upepo usiubebe, wakaulainisha kwa reki. Katikati walitoboa shimo la kina cha shubiri moja na kuzamisha kopo la jemu kutoka jikoni mwa boma. Kando yake kikapigwa kibao cheupe chenye jina.

Yarow alivichomeka vibao vyote tisa huku akinung'unika. "Abkul, walahi, mimi hii kazi sielewi. Kama ni kisima, mbona kadogo? Kama ni kaburi, nani huyo mtu ya shubiri moja?"

"Ni mchezo, Yarow."

"Haya. Mchezo."

Abkul alimleta mama yake aone. Alimsimamisha mbele ya kila kibao na kumsomea, sauti imejaa. Bibi Wato alisikiliza majina ya mumewe na wakwe zake waliotangulia, akiwaombea rehema mmoja mmoja. Kwenye la nane aliacha kuomba. Kwenye la tisa alimshika mwanawe mkono.

"Haya yana maji?"

"Mama, ni mashimo ya mpira."

"Nimekuuliza, yana maji?"

"Hayana."

Bibi alitazama nyuma, kama mtu anayehakikisha hakuna anayesikiza. "Shimo likifunguliwa, likakosa maji, tunafanyaje?"

Abkul alijua. Shimo kama hilo hufukiwa kabla ya jua kutua, na hakuna anayelitajia jina. Alilijua tangu akiwa mdogo kama alivyojua kutotupa jivu la moto kisimani. Halikumjia hemani, basi.

"Umelifungua kwa jina la mtu," Wato alinong'ona, "na hukulipa maji. Hao saba wana makaburi yao, hawadaiwi. Nyinyi wawili je?"

Abkul akajichekesha, lakini kicheko hakikutoka. Akasema rangi imeshakauka. Akasema ni mambo ya kizamani. Alimsindikiza mama yake nyumbani, na njia nzima bibi hakumwachia mkono.

Kesho yake, saa saba mchana, jua limewafukuza hata mbwa, Yarow alimfuata bomani.

"Kobo ya namba tisa imetoka."

"Nani ameitoa?"

"Njoo uone."

Kopo lilikuwa juu ya mchanga, limepinduliwa, mdomo chini. Ule mchanga wa oili ulikuwa umelainishwa kwa reki asubuhi. Haukuwa na unyayo. Hata alama ya njiwa haikuwepo. Abkul alilirudisha kopo shimoni, akaligandamiza kwa kisigino. Walikwenda kivulini, wakageuka. Kopo lilikuwa juu tena.

Nyumbani Rukiyo alimpokea akitabasamu. "Leo binti yako amekuwa mtu mzuri. Amemaliza kikombe. Ameomba kingine."

Tiya alikunywa vikombe vinne mchana huo. Jioni akamaliza kibuyu. Kufikia asubuhi alikuwa amekaa kando ya mtungi, hataki kuondoka, anakunywa na maji yanamtiririka kifuani, na midomo yake imepasuka kama ya mtu aliyepotea jangwani siku tatu. Hakulia. Machozi hayakuwepo.

"Abo," alimwambia baba yake, "maji hayafiki."

Mganga wa boma alimpa unga mweupe, akasema ni joto. Maalim Sharifo wa msikitini alimsomea dua mpaka sauti ikakauka. Abkul hakungoja zaidi. Alichukua sepetu, akaenda namba tisa, akaanza kulifukia.

Alitia sepetu kumi. Shimo la shubiri. Alitia ishirini. Halikujaa. Aliendelea, jasho linamwingia machoni, mpaka akasikia mtu anapiga kelele kutoka mbali. Ni Nurto, anakuja mbio bila viatu, ushungi umemwanguka.

"Shemeji, acha! Acha hicho unachofanya! Mtoto anatapika mchanga!"

Nurto aliniambia aliuona kwa macho yake. Mchanga ulikuwa mweusi. Ulinuka oili.

Abkul alitupa sepetu, akapiga magoti, akaanza kuchota kwa mikono. Alichota mpaka kucha zikatoka damu. Alipotosheka, alilala kifudifudi, akaingiza mkono. Kiwiko kikapita. Bega likagusa ukingo. Hapakuwa na mwisho. Kule chini palikuwa na ubaridi, ubaridi wa kisima.

Kisha kitu kikamshika kidole gumba.

Vidole vidogo. Vikavu. Vikakizungusha, taratibu, kama siku zote.

Hakutoa mkono. Mtu mwingine angeutoa, yeye hakuutoa. Aliulaza uso wake mchangani akalia, na alipoweza kusimama alikimbia nyumbani. Tiya alikuwa amelala juu ya mkeka, macho wazi. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefumbata hewa, na ulikuwa ukizungusha.

Kilichobaki kilikuwa kulipa shimo maji. Alimimina debe la kwanza, na Rukiyo akapaza sauti kutoka nyumbani: mtoto amepumua, mtoto ametabasamu! Robo saa baadaye kiu ikarudi. Debe jingine. Robo saa. Ukingo wa shimo haukulowa hata kidogo. Lakini visima vya Buna vilikuwa vimekaribia matope, na kila nyumba ilikuwa na zamu yake, madebe mawili kwa siku. Abkul alimaliza zamu yake asubuhi. Yarow akampa yake. Majirani wakampa zao siku ya pili, bila kuuliza. Siku ya tatu walimtazama tu, na ndama wao wamelala chini nyuma yao, na yeye mwenyewe akaona haya kunyoosha mkono.

Akaenda kwa Bwana Vijiti. Mzungu huyo, nisimsingizie, hakuwa mtu mbaya. Alimsikiliza mpaka mwisho, akang'oa kile kibao kwa mikono yake, akachukua kisu na kulikwangua jina kwenye mchoro mpaka karatasi ikatoboka.

"Mama anasema haitoshi," Abkul alimwambia kesho yake. "Anasema jina halikai ubaoni. Nililitamka mimi."

Bwana Vijiti akaukunja mchoro wake. Jumamosi ilikuwa siku ya kufungua kiwanja, na maofisa walikwisha kufika kutoka Wajir na Moyale.

Abkul alisimama mbele ya bwana mkubwa, kofia mkononi. Maisha yake yote alikuwa amewasemea watu wengine, maneno yao yakapita kinywani mwake bila kukwama. Siku hiyo alikuwa na lake mwenyewe, na Kiingereza chake kilikuwa cha kodi na ngamia.

"Bwana, msicheze la tisa. Shimo lina kiu."

Bwana mkubwa alimpiga bega kwa upole. "Sote tuna kiu, Abkul."

Wakacheka, wakaanza. Abkul aliwafuata. Shimo la Boru, la Guyo, la Jillo, mpira unagonga kopo na kutolewa. La Elema. Lake mwenyewe, la nane: alisimama juu yake na kusema moyoni, nichukue, niko hapa, nichukue mimi. Mpira ukagonga bati. Ukatolewa.

Kwenye la tisa, saa sita u nusu, ofisa mmoja kijana aliupiga kutoka mbali. Ukabiringika polepole juu ya mchanga mweusi. Ukasita ukingoni. Ukaingia.

Hawakusikia ugonge chochote.

Walipiga makofi. Kijana akainama autoe, akakosa, akasema kwa mzaha shimo limemla mpira. Bwana Vijiti alimsogeza kando. Akapiga magoti, akaingiza mkono mpaka begani, na watu wakamwona uso ukimbadilika rangi. Alipoutoa alikishika kidole gumba chake kwa mkono wa pili.

Alimwendea Abkul, akamnong'oneza. "Una watoto wangapi?"

"Mmoja."

"Mmoja," mzungu alirudia.

Ndipo kilio cha Rukiyo kilipowafikia.

Kaburi la Tiya walilichimba makaburini, upande wa baba zake. Walipofika kiunoni, ardhi ikalainika. Walipofika kifuani, maji yakaingia. Maji, Buna, mwaka ule. Yalipanda yakafika magotini kwa wachimbaji, meupe, baridi. Hawamziki mtu majini. Wakahama hatua hamsini, wakachimba tena. Maji. Wakapanda kwenye changarawe, mahali hakuna aliyewahi kupata hata unyevu. Maji.

Wanawake walikuwa wamekwisha kufika na vibuyu kwenye lile la kwanza. Siwalaumu. Walikuwa wakiinama kuchota, wakiona aibu, wakiendelea kuchota, huku jeneza dogo limewekwa chini pale pale karibu yao.

Jua lilikuwa likishuka na maiti hakai. Maalim Sharifo alimtazama Abkul, akatazama chini. Yarow ndiye aliyesema, na alisema kwa sauti ndogo sana.

"Kuna bahali moja tu bakafu, ndugu yangu. Wewe unaijua."

Abkul aliipanua namba tisa kwa mikono yake mwenyewe. Sepetu ilipoingia, ulikuwa mchanga wa kawaida tu, mkavu, wenye mwisho kama mchanga wowote. Hakukuta kopo. Hakukuta mpira. Alichimba kaburi na mwanandani, ule uchimbo wa kumlaza maiti, kama inavyotakiwa, akashuka, akampokea binti yake. Hakuna tone lililotoka.

Kesho yake Bwana Vijiti aliondoka na lori la kwanza, vijiti vyake akaviacha. Kiwanja kikafungwa. Lile kaburi la kwanza likajengewa ukingo, likawa kisima, na kila mtu alikiita Tiya, maana jina lingine lilikuwa lipi? Kwa desturi, kikombe cha kwanza alipelekewa mwenye jina, na kwa kuwa hayupo, baba yake. Abkul alikinywa chote. Maji yalinuka oili kwa mbali. Mifugo ya Buna ikapona.

Upepo ukayala yale maduara mengine, vibao vikawa kuni. La nane tu lilibaki, laini, kama lililopigwa reki asubuhi. Kila adhuhuri Abkul alikwenda pale. Aliingiza mkono, akagusa kopo, shubiri moja, akarudi. Alikuwa akisubiri zamu yake. Rukiyo alijua na hakumzuia. Nurto aliolewa Hulugho, mbali sana, karibu na mpaka. Bibi Wato akafariki. Miaka mitatu ikapita hivyo.

Adhuhuri moja ya mwaka wa 1940, akalikuta kopo nje. Limepinduliwa.

Alishukuru. Alirudi nyumbani, akaoga, akaagana na mkewe, akamwambia amsamehe, akalala chali akingoja kiu. Siku ikapita. Ya pili. Juma zima. Akaamka, akala, akafanya kazi. Hakuwa na kiu hata kidogo. Alikwenda kulitazama kopo, liko nje. Siku ya ishirini, liko nje. Ya thelathini, liko nje. Hakuelewa, na kutoelewa huko kulimnyima usingizi kuliko kifo.

Siku ya arobaini ikaja barua. Ilikuwa imepita Garissa na Wajir, ikapanda lori la jeshi. Aliyeiandika ni mume wa Nurto. Abkul aliisoma amesimama barazani mwa boma.

Mungu ametupa mtoto wa kiume, barua ilisema. Mimi nilikuwa na jina langu, lakini Nurto amekataa katakata. Amesema shemeji yake alimlea kama baba na amebaki bila mtoto, kwa hiyo heshima hii ni yako. Tumempa jina leo. Tumemwita Abkul. Hajambo, ila tangu tulipomtamkia jina ananyonya mchana kutwa na hatosheki. Mumwombee.

Alitazama tarehe. Akahesabu. Akahesabu tena: ndiyo siku ile kopo lilipotoka.

Jua lilikuwa utosini. Alikimbia mpaka namba nane, akajitupa chini, akaingiza mkono. Kiwiko kikapita. Bega likagusa ukingo. Hapakuwa na mwisho. Palikuwa na ubaridi. Alinyoosha vidole gizani, akaita jina lake mwenyewe, kwa upole, kama mtu anavyoita mtoto.

Kitu laini kikamgusa kidole. Kilikuwa na joto. Hakikuwa na meno.

Kikaanza kunyonya.

Mtoto wa Nurto hakufikisha hata siku ya nne tangu apewe jina. Siku Abkul anaisoma ile barua, alikuwa na zaidi ya mwezi ardhini. Nurto mwenyewe ndiye aliyenieleza hayo, mwaka wa 1955, Garissa, alikokuwa amehamia shemeji yake, naye Nurto amekuja kumuuguza baada ya Rukiyo kufariki. Alisimulia bila kumtazama yule mzee aliyekaa pembeni yetu.

Nilipoaga nilimpa Abkul mkono. Alinipa kifundo cha mkono badala ya kiganja, kama afanyavyo mtu aliyetoka kula. Lakini alikuwa hajala, na kidole chake nilikwisha kukiona. Tulikuwa katikati ya kiangazi, midomo imetukauka sote, na ngozi ya mzee yule ilikuwa kavu imepauka mpaka kwenye kucha. Kidole chake cha shahada tu kilikuwa cheupe, kimekunjamana kama cha mtu aliyefua nguo tangu alfajiri. Kilikuwa kimelowa.